VIPELE VYA SURUA NA VITA VYA SELI T

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Kila mwaka jarida letu hujaa hadithi, mashairi na vitendawili, nami huvisoma vyote nikafurahi. Mwaka huu nimeonelea niwaletee habari za vita. Vita hivi havipiganwi kwa bunduki wala kwa panga. Vinapiganwa ndani ya mwili wako wewe unayesoma ukurasa huu, na kama umekuja shuleni leo na mafua, basi jua vinaendelea sasa hivi. Askari ninaotaka kuwaeleza habari zao ni chembechembe nyeupe za damu zinazoitwa seli T.

Huku kwetu mtoto akishikwa na surua, ambayo wengine mwaiita ukambi, utawasikia watu wazima wakisema, "Ngoja vipele vitoke vyote. Vikishatoka, ugonjwa umekwisha." Je, maneno haya ni kweli? Nimesoma nikatambua kwamba yana ukweli nusu, na ile nusu nyingine yaweza kumtia mtoto kaburini. Nifuateni polepole, nitawaeleza kwa nini.

ADUI MWENYEWE

Kirusi ni kitu kidogo mno. Hata hadubini za maabara yetu haziwezi kukionyesha. Hakili, hakipumui, wala hakiwezi kuzaana peke yake. Ili kiongezeke ni lazima kiingie ndani ya seli ya kiumbe hai na kuigeuza kuwa kiwanda chake. Seli ambayo jana ilikuwa ikifanya kazi ya mwenyewe, leo inatengeneza virusi kwa mamia. Ndiyo sababu dawa za kuua bakteria, zile kapsuli za rangi mbili ambazo watu hupenda kununua dukani kila wakikohoa, hazifui dafu mbele ya virusi.

Kirusi cha surua ni hodari wa kuambukiza kupita karibu magonjwa yote tuyajuayo. Mgonjwa akikohoa chumbani kisha akatoka, virusi vyaweza kubaki hewani hadi saa mbili nzima. Mgonjwa mmoja akiingia miongoni mwa watu wasio na kinga anaweza kuwaambukiza watu 12 hadi 18. Hebu fikiria darasa letu lilivyobanana, watatu watatu kwenye dawati, halafu ufanye hesabu mwenyewe.

KINGAMWILI HULINDA NJE TU

Katika somo la Biolojia tulifundishwa kuhusu kingamwili. Hizi ni protini ambazo hutengenezwa na chembechembe nyeupe za aina nyingine, yaani seli B. Kingamwili huelea katika damu na majimaji ya mwili, zikikutana na kirusi humng'ang'ania kama kupe, na kirusi hicho hakiwezi tena kuingia popote. Ni kazi nzuri sana. Lakini kuna shida moja. Kirusi kikishapenya ndani ya seli, kingamwili haiwezi kukifuata humo. Hubaki nje kama mlinzi aliyefungiwa lango. Wahenga walinena kwamba kikulacho ki nguoni mwako, na hapa adui amejificha ndani ya nguo hasa.

Tunajuaje kwamba kingamwili peke yake hazitoshi? Mwaka 1952 daktari mmoja wa Marekani, Ogden Bruton, alieleza habari za mvulana ambaye damu yake haikuwa na kingamwili. Baadaye watoto wengine wa namna hiyo walijulikana. Bakteria waliwasumbua mno. Lakini jambo la ajabu ni kwamba watoto hao wakipata surua waliugua kama wenzao, wakatoka vipele kama wenzao, na wakapona kama wenzao! Kwa upande mwingine kuna watoto waliozaliwa na upungufu wa seli T. Hao wakipata surua, virusi viliendelea kuzaana mwilini bila kikomo na kuharibu mapafu. Na aghalabu hawakutoka vipele vyovyote.

Ukiyaweka mambo hayo mawili pamoja utaona kuna mtu mwingine anayefanya kazi ya kumfuata adui ndani ya nyumba. Huyo ndiye seli T. Shikeni pia hilo jambo la vipele, tutalirudia.

SHULE YA THAIMASI

Herufi T imetokana na jina la tezi iitwayo thaimasi. Tezi hii iko kifuani, nyuma ya mfupa wa kidari, juu kidogo ya moyo. Zamani wengi walidhani haina kazi yoyote. Mwaka 1961 mtafiti Jacques Miller, aliyekuwa akifanya kazi mjini London, alieleza yaliyotokea alipowatoa tezi hiyo panya waliozaliwa punde tu. Panya hao walikua wakiwa na upungufu wa chembechembe nyeupe, wakaugua na wengi wakafa mapema. Hata ngozi ya panya mwingine ikibandikwa kwao mwili haukuikataa. Kumbe ile tezi iliyodharauliwa ilikuwa chuo cha mafunzo ya askari!

Seli T huzaliwa katika uboho ndani ya mifupa, halafu huhamia thaimasi kusoma. Huko hufanya mitihani miwili. Mtihani wa kwanza huuliza: je, unaweza kuzitambua seli za mwili huu? Asiyeweza hana faida, anakufa. Mtihani wa pili huuliza: je, una tabia ya kuzishambulia seli za mwili huu zikiwa na afya? Mwenye tabia hiyo ni hatari, na wengi wa aina hiyo huuawa papo hapo. Katika kila seli 100 zinazoingia, zaidi ya 95 hufa bila kuhitimu. Nasi tunalalamika kwamba mitihani ya Hisabati ni migumu!

Thaimasi huwa kubwa utotoni, halafu hupungua kadiri mtu anavyobalehe na kuzeeka. Kwa hivyo jeshi kubwa la maisha yako linaandaliwa ungali mdogo.

KIJIKO NJE YA MLANGO

Sasa tufike kwenye swali gumu. Kama kirusi kimejificha ndani ya seli, seli T hujuaje ni seli ipi imeingiliwa?

Chukueni mfano wa askari anayetafuta nyumba inayopika chang'aa. Mtaa una nyumba mia moja, zote zina milango ya bati na zote zinafuka moshi jioni. Atajuaje? Lakini tuseme kuna sheria kwamba kila mpishi ni lazima aweke kijiko kimoja cha anachopika kwenye kisahani nje ya mlango wake. Askari atapita akionja. Hapa ni sukuma wiki, pita. Hapa ni maharagwe, pita. Hapa je? Hapa kuna harufu nyingine, shika!

Hivyo ndivyo mwili unavyofanya. Karibu kila seli yako huvunjavunja sampuli ya protini inazotengeneza na kuviweka vipande hivyo juu ya ngozi yake, vikiwa vimeshikwa na protini maalum ambayo mimi nitaiita kisahani. Seli ikianza kutengeneza protini za kirusi, vipande vya kirusi navyo hutokea kwenye kisahani. Seli T ikipita na kukigusa inajua mara moja kwamba nyumba hii imetekwa.

Waliogundua siri hii ni Rolf Zinkernagel wa Uswisi na Peter Doherty wa Australia. Doherty alisomea udaktari wa mifugo. Miaka ya 1973 na 1974 walikuwa wakifanya utafiti mjini Canberra. Walichukua seli T za panya aliyeambukizwa kirusi kinachovimbisha utando wa ubongo, wakazichanganya na seli nyingine zilizoambukizwa kirusi kicho hicho. Seli T ziliua zile zilizotoka kwa panya wa aina moja na wao, lakini ziliziacha zile za panya wa aina tofauti japo zilikuwa na kirusi vilevile. Maana yake ni kwamba seli T hutazama mambo mawili kwa pamoja: kisahani kiwe cha kwetu, na chakula kilicho juu yake kiwe cha kigeni. Mwaka 1996 walitunukiwa Tuzo ya Nobel.

SIKU BAADA YA SIKU

Seli T si za aina moja. Nitazitaja nne.

Kwanza kuna seli T za kuua. Wataalamu huziita CD8. Hizi ndizo hukabili seli iliyotekwa. Hujishikiza kwake, huitoboa kwa protini iitwayo paforini, halafu huingiza vimeng'enya vinavyoiamuru seli hiyo ijiue kwa utaratibu. Seli hufa pamoja na virusi vilivyokuwa vikitengenezwa ndani yake, na seli T huondoka ikatafute nyingine.

Pili kuna seli T za kusaidia, yaani CD4. Jina hili wengi mmelisikia katika mafunzo kuhusu UKIMWI, maana ndizo hasa hushambuliwa na virusi vya UKIMWI. Hizi haziui sana, kazi yao ni kuamrisha. Huzipa nguvu seli za kuua na huzisaidia seli B kutengeneza kingamwili bora. Msemo wa wahenga kwamba kinga na kinga ndipo moto uwakapo unafaa sana hapa. Jenerali akifa jeshi hutawanyika, na ndiyo sababu mtu mwenye UKIMWI asiyetumia dawa huweza kulemewa na magonjwa ambayo mtu mwingine angeyashinda.

Tatu ni seli T za kutuliza, na nne ni seli T za kumbukumbu. Hizo nitazieleza mbele.

Sasa tutazame surua yenyewe. Kirusi huingia kwa njia ya hewa. Kwa siku kadhaa mtoto hucheza kama kawaida, kumbe adui anazaana. Seli fulani za doria, ambazo zina matawi kama mti, hubeba vipande vya kirusi hadi kwenye mitoki, ile mitoki inayovimba shingoni na kwapani. Huko seli T nyingi hupita kama watu sokoni. Kila moja imezaliwa ikiwa na ufunguo wake, na ni chache mno zenye ufunguo unaotoshea kirusi hiki. Yule mwenye ufunguo akipatikana huanza kugawanyika.

Hapa ndipo Hisabati inaingia. Seli moja ikigawanyika kila baada ya saa 8, itagawanyika mara 3 kwa siku. Kwa siku 5 ni mara 15. Anza na moja, kisha 2, kisha 4, kisha 8, endelea hivyo hadi mara ya kumi na tano. Utapata seli 32,768, zote zikimjua adui yuleyule. Kwa hivyo usishangae kwamba ugonjwa wa kwanza huchukua siku nyingi kabla mwili haujaanza kushinda. Jeshi lilikuwa bado linaandikishwa.

NDIPO VIPELE VINAPOTOKA

Homa ya surua huanza kama siku ya 10 baada ya kuambukizwa, pamoja na kikohozi, mafua na macho mekundu. Kama siku ya 14 ndipo vipele hutokea, vikianzia usoni na kuteremka mwilini.

Wengi hudhani vipele ni kirusi chenyewe kinachotoka nje. La hasha! Vipele hutokea pale seli T zinapofika kwenye ngozi na kuzishambulia seli zilizotekwa. Wekundu ule ni moshi wa vita. Ndiyo maana wale watoto wasio na seli T niliowataja aghalabu hawakutoka vipele: kirusi kilikuwapo, lakini hapakuwa na askari wa kupigana nacho. Watafiti pia waliwahi kuwaondolea nyani seli zao za CD8 kisha wakawaambukiza surua. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha kwamba virusi vilikuwa vingi zaidi katika damu yao na vilichukua muda mrefu zaidi kwisha.

Kwa hivyo wazee wetu walikuwa na macho mazuri. Kutoka kwa vipele ni ishara kwamba mwili umeamka. Lakini kuamka si kushinda. Sasa nawaeleza ile nusu ya pili.

ADUI HUIBA DAFTARI

Vita vikikaribia kwisha, seli T za kutuliza huhakikisha kwamba askari hawageuki kuuharibu mwili wenyewe. Utafiti juu ya seli hizi ndio uliowapa Mary Brunkow, Fred Ramsdell na Shimon Sakaguchi Tuzo ya Nobel mwaka 2025. Askari wengi sana hufa, zaidi ya 90 katika kila 100. Wachache wanaobaki ndio seli T za kumbukumbu. Hizi hukaa miaka mingi, nyingine kwenye damu na mitoki, nyingine hupiga kambi mapafuni na kwenye ngozi, mahali ambapo adui alipitia. Akirudi hazihitaji wiki mbili za kujiandaa.

Kumbukumbu hii hudumu kwa muda gani? Mwaka 1846 surua ilivamia visiwa vya Faroe, vilivyo chini ya Denmark. Katika watu wapatao 7,800 waliugua karibu 6,000. Daktari kijana aitwaye Peter Panum alitumwa huko, akagundua kwamba wazee waliopata surua mwaka 1781 hawakuugua tena hata mmoja. Miaka 65 ilikuwa imepita! Hiyo ilikuwa kazi ya kingamwili na seli za kumbukumbu kwa pamoja. Na kuhusu seli T zenyewe, mwaka 2020 watafiti waliwapima watu waliopona ugonjwa wa SARS wa mwaka 2003, wakakuta seli T zao bado zinakitambua kirusi kile baada ya miaka 17.

Lakini surua ina ujanja mbaya. Seli ambazo kirusi chake hupenda kuziingia ni pamoja na hizo hizo seli T na seli B za kumbukumbu. Ni kama mwizi anayeingia shuleni akachoma madaftari yote ya mwaka jana. Mtoto hupona surua na huikumbuka surua, lakini husahau maadui wengine aliowahi kuwashinda. Mwaka 2019 watafiti walitoa matokeo ya watoto 77 wa Uholanzi ambao hawakuwa wamechanjwa. Baada ya surua walikuwa wamepoteza kati ya asilimia 11 na asilimia 73 ya aina za kingamwili walizokuwa nazo.

Basi mmeelewa? Vipele hutoka, hukauka, hubanduka, na watu husema ugonjwa umekwisha. Kumbe wakati huo ndipo mtoto huweza kushikwa na nimonia, kuhara au ugonjwa wa masikio, na wengine hupofuka. Wengi wanaokufa kwa surua huuawa na matatizo hayo yanayofuata. Usimfungie mtoto ndani ukingoja vipele viishe. Mpeleke hospitali. Huko hupewa pia vitamini A, ambayo hupunguza vifo na upofu.

TUWAPE ASKARI MAZOEZI

Je, kuna njia ya kupata seli za kumbukumbu bila kuugua? Ipo. Chanjo ya surua ilianza kutumika Marekani mwaka 1963. Ndani yake mna kirusi cha surua kilichodhoofishwa. Hakiwezi kumletea mtoto mwenye afya ugonjwa ule mkali, wala hakiibi kumbukumbu kama kile cha porini, lakini seli T na seli B hukiona, huzaana, hujifunza, na hubakiza kumbukumbu. Ni kama mazoezi ya zimamoto: kengele inalia, watu wanakimbia uwanjani, lakini hakuna nyumba iliyoungua.

Hapa Kenya mtoto hudungwa sindano ya kwanza akiwa na miezi 9 na ya pili akiwa na miezi 18. Kwa nini isiwe siku ya kuzaliwa? Kwa sababu mtoto huzaliwa na kingamwili za mamake, na hizo zingeimaliza chanjo kabla seli zake mwenyewe hazijajifunza. Zikipungua, ndipo wakati umefika. Sindano moja hukinga watoto wengi, na mbili hukinga wengi zaidi.

Tatizo ni ile ya miezi 18. Mtoto huwa ameshaanza kukimbia, mama amerudi sokoni au shambani, na safari za kliniki zimesahaulika. Hapa ndipo sisi wanafunzi wa shule ya kutwa tuna kazi. Wenzetu wa bweni huwaona wadogo zao wakati wa likizo, sisi twawaona kila jioni. Leo ukifika nyumbani, kabla ya kuwasha jiko, muulize mama kile kijitabu cha kliniki kiko wapi. Kifungue ukurasa wa chanjo. Tazama kama mahali pa surua pameandikwa tarehe mara mbili. Kama pana tarehe moja tu na mtoto ameshapita miezi 18, mwambie mama kwa heshima, na ukiweza mbebe mtoto mwenyewe hadi kliniki siku ya Jumamosi kama huwa wanafungua.

Atalia, najua. Sindano inauma. Lakini mchelea mwana kulia hulia yeye. Wasalaam.